Mkimbiaji na mkimbizi: mbio zangu kando ya Mto Kagera

Najua nimepotea. Kwa wale walioanza kuulizana kama nimedisko, jibu ni hapana. Nipo chuo, nimerudi salama kutoka TP, na leo umeme umekatika hosteli nzima nikiwa na chaji ya kutosha kwenye laptop ya rumeti. Kwa hiyo nimekaa kuandika ile stori ya Kyerwa niliyowaahidi. Ila mnanijua, mimi mtu wa Historia na Kiswahili. Stori yangu haiwezi kwenda mita mia bila kugonga mwaka fulani. Mvumilie.

Kwa asiyekujua kule: Karagwe na Kyerwa ni wilaya za Mkoa wa Kagera, magharibi kabisa, zinapakana na Rwanda, na Kyerwa inaigusa Uganda pia. Zamani zote mbili zilikuwa wilaya moja ya Karagwe. Kyerwa ilimegwa mwaka 2012. Ni nchi ya vilima. Barabara ya kutoka Omurushaka kupitia Nkwenda mpaka Murongo inapanda na kushuka kama mtu anayekuna mgongo, huku na huku ni migomba, kahawa, maharage, na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye daftari za kusahihisha.

Sasa mimi huku chuo nimezoea kukimbia asubuhi kuzunguka uwanja. Wiki ya kwanza ya TP nikasema nisilale, nikavaa raba nikapanda kilima cha nyuma ya shule. Nilirudi natembea, mikono kiunoni, watoto wanaokwenda kuchota maji wananipita na ndoo kichwani wakiniamkia "shikamoo mwalimu" kwa sauti ya kunionea huruma. Aibu kinoma!

Mzee mmoja mchunga ng'ombe ndiye aliyeniokoa. Akaniambia, "Mwanangu, hapo unajiua bure. Shuka chini mtoni. Kule ni tambarare, utakimbia mpaka uchoke mwenyewe."

Na kweli. Mto Kagera ukishatoka kwenye maporomoko ya Rusumo, kule Ngara, unaelekea kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda. Hauna haraka. Unapita kwenye bonde pana lenye mafunjo na mabwawa, unafika pembe ya Uganda karibu na Murongo, kisha unageuka mashariki kwenda Ziwa Victoria. Katika mito yote inayoingia ziwa hilo, huu ndio mkubwa kuliko yote. Ukisimama juu ya kilima unaona bonde lote kama mkeka uliotandikwa. Migomba inaishia pale mteremko unapoishia, na kuanzia hapo ni nyasi, njia za ng'ombe, mafunjo, halafu maji.

Njia yangu ilikuwa kama kilomita nane kwenda na kurudi. Unashuka mteremko kwa tahadhari (magoti, jamani), unapita shamba la mwisho la migomba, unaingia njia ya ng'ombe, unafuata ukingo wa mafunjo mpaka sehemu watu wanakovukia kwa mtumbwi, unageuza. Udongo ni laini, mguu haupigwi. Mvua ikinyesha usiku, raba inabeba tope kilo nzima. Na kuna sheria moja niliyopewa ambayo si ya kuchezea: usishuke kabla jua halijatoka vizuri, kwa sababu viboko wanakuwa bado malishoni, na kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji, hapo hakuna mjadala. Kwa hiyo nilikuwa naanza jua likishatoka siku za Jumamosi, na siku za kazi nakwenda jioni baada ya vipindi.

Wiki ya tatu nikapata mwenzangu. Kijana wa kidato cha pili, mrefu, mwembamba, anakimbia peku huku ameshika ndala zake mkononi. Hakuniomba ruhusa, alijitokeza tu kwenye njia ya ng'ombe akawa pembeni yangu. Wadau, yule mtoto anakimbia! Mimi napumua kama pampu ya baiskeli, yeye anaongea. Nilipouliza shuleni nikaambiwa ndiye alikuwa tegemeo la shule kwenye mbio ndefu za UMISSETA, ila mwaka huu kajitoa, hataki. Mbona? Hakuna aliyenipa jibu la kueleweka.

Jibu alinipa mwenyewe, siku moja tumegeuza pale kivukoni tunarudi. Akaniuliza, "Mwalimu, mkimbiaji na mkimbizi tofauti yake nini?"

Nikadhani ni swali la Kiswahili. Nikaanza kumpa uambishaji: mzizi ni ule ule, kimbia, huku tumeweka kiambishi hiki, kule kile... Akanikatiza kwa upole. "Hapana mwalimu. Nikishinda, wananiita mkimbizi. Wanasema si ndiyo kazi yenu, kukimbia."

Familia yao ina asili ya ng'ambo ya mto. Babu yake alivuka zamani. Yeye kazaliwa hapa, mama yake kazaliwa hapa. Lakini akiwa wa kwanza kwenye mbio, kuna mtu pembeni ya uwanja anapiga kelele neno hilo, wenzake wanacheka. Akaona bora asishinde, na njia rahisi ya kutoshinda ni kutokukimbia.

Nilinyamaza. Mwalimu mzima mwenye semista tano za Historia kichwani, nikakosa la kusema. Hii stori ndiyo jibu langu, limechelewa miezi miwili.

Tuanze mbali kidogo. Kabla Kagera haujawa mpaka, Karagwe ilikuwa ufalme, na makao ya mfalme (Omukama) yalikuwa Bweranyange, ambapo mpaka leo ni sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Katikati ya karne ya 19 Omukama alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara, wa ukoo wa Wahinda. Karagwe ilikaa mahali pazuri. Kusini kuna njia ya misafara inayotoka Kazeh, yaani Tabora ya leo. Kaskazini kuna Buganda yenye nguvu. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliweka kituo Kafuro, karibu na ikulu, na pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba zote zikapita hapo. Hata Rumanyika mwenyewe alipogombea kiti na ndugu yake, mfanyabiashara wa Kihindi aitwaye Musa Mzuri kutoka Kazeh alimuunga mkono. Kwa hiyo msidhani ilikuwa kona ya dunia. Ilikuwa njia panda.

Na njia panda bila simu maana yake ni miguu. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Hawakuruhusiwa kwenda Buganda hivi hivi. Rumanyika alituma ujumbe kwanza kwa Kabaka Mutesa, na Mutesa naye akamtuma ofisa wake, Maula, aje awachukue. Fikiria hilo jambo: mtu anatoka Karagwe anavuka bonde la Kagera na habari kichwani, mwingine anarudi na jibu. Vitabu vinatupa jina la Speke kwa herufi kubwa. Waliobeba habari wengi wao hatuna hata majina yao. Lakini ufalme ulisimama juu ya nyayo zao.

Speke aliondoka Karagwe Januari 10, 1862. Katikati ya mwezi huo akashuka kwenye tambarare ya Kitengule (yeye aliandika Kitangule) akavuka Kagera kwa mtumbwi. Aliupima mto kwa macho ya askari: upana yadi kama 80, yaani mita 73 hivi, kina kirefu hata mwenye mtumbwi hawezi kusukuma kwa mti wa kugusa chini, na mwendo wa noti tatu mpaka nne kwa saa. Nimepiga hesabu: hiyo ni kama kilomita tano na nusu mpaka saba na kitu kwa saa. Maana yake Kagera unatembea mwendo wa haraka, haukimbii. Hata mimi naushinda! Nilipomwambia yule kijana alicheka sana, siku iliyofuata akarusha kijiti cha funjo majini akashindana nacho. Alikiacha mbali.

Lakini stori ninayoipenda ni ya Grant. Mguu wake ulivimba na kuoza vidonda, hakuweza kutembea, akaachwa kwa Rumanyika miezi kadhaa. Aprili 1862 ndipo Waganda walipokuja kumchukua. Wakamlaza kwenye machela ya kusuka, watu wanne wakaibeba kichwani, na wakaanza kukimbia. Grant mwenyewe anaandika kwamba walikwenda maili sita kwa saa, wakimtikisa mguu bila huruma, na kila baada ya maili moja au pungufu wanamtua chini, wanapumzika, wanataniana, kisha wananyanyua tena.

Maili sita kwa saa, wadau! Hiyo ni kilomita karibu kumi kwa saa, dakika sita kwa kilomita. Mimi siku nikiwa vizuri, raba mguuni, tumbo limekaa sawa, sijabeba kitu zaidi ya simu, nakwenda dakika tano na nusu. Hao jamaa walikuwa na Mwingereza mzima kichwani. Halafu Grant aliporudi kwao akatoa kitabu mwaka 1864, na jina alilokipa lina maana ya matembezi ya miguu kukatiza Afrika. Matembezi ya nani, mzee? Kipande hicho kilikimbiwa na wengine!

Jumamosi moja nikaomba ruhusa, nikaenda kulala Kayanga kwa mshkaji tuliyesoma naye, kesho yake tukashuka Kitengule nijionee. Ni tambarare ya kweli, siyo hii ya kwetu ya kuiba iba kati ya vilima. Upepo, nyasi, miwa ya kiwanda cha sukari, na daraja jipya la zege lililozinduliwa mwaka 2022. Nilikimbia kidogo tu kwa sababu ya malori, nikasimama darajani. Pale ambapo Speke alihitaji mtumbwi na mazungumzo, lori la miwa linapita kwa sekunde chache. Nikamtafuta Maula, nikawatafuta wale wanne wa machela. Hakuna kibao, hakuna chochote. Sawa tu, hata kwetu shuleni ubao wa washindi wa riadha uliliwa na mchwa.

Mwaka 1876 akapita Henry Morton Stanley. Huyu alikuja na mashua yake ya vipande, Lady Alice, akaiunga ziwani chini ya Bweranyange, na Rumanyika ambaye sasa alikuwa mzee akaandaa mashindano: mitumbwi ya Karagwe dhidi ya mashua ya mgeni, watu wamejaa ukingoni kutazama. Kwa hiyo mkiambiwa michezo iliingia Karagwe na shule za wamisionari, mjue si kweli yote. Stanley akaendelea kuuchunguza Kagera kwa mashua mpaka mafunjo yakamchosha, akaupa jina la mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, Nile ya Alexandra. Jina halikushika. Wenyewe waliendelea kuuita Kagera.

Mpaka hapo mto ni mahali pa kuvuka. Ni kweli mfalme ana watu wake kivukoni na unalipa chochote, lakini unavuka, unaoa ng'ambo, unapeleka ng'ombe ng'ambo, unarudi. Kilichobadilisha mambo ni rula.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili wakiwa Ulaya, wakapiga mstari kwenye nyuzi 1 kusini ya Ikweta. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, bonde la Kagera likawa uwanja wa kuviziana kati ya majeshi ya Uganda ya Waingereza na ya Wajerumani. Baada ya vita Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi, Uingereza ikapewa Tanganyika. Na hapa kuna kipande ambacho hata mimi sikukijua mpaka nilipokuwa naandaa somo: mpaka wa kwanza waliokubaliana mwaka 1919 haukuwa mto. Waingereza walitaka kipande cha mashariki ya Rwanda, Gisaka, ng'ambo ya Kagera, kwa sababu waliota reli ya kutoka Cape mpaka Cairo na walitaka mahali pazuri pa kuipitisha. Mwami wa Rwanda na wamisionari wakalalamika, kesi ikafika Shirikisho la Mataifa, na kufikia mwaka 1924 kipande kikarudishwa Rwanda. Mpaka ukasogea mpaka mtoni. Reli yenyewe haikujengwa kamwe.

Yaani ndani ya miaka mitano kuna watu walilala upande wa Wabelgiji, wakaamka upande wa Waingereza, wakarudishwa kwa Wabelgiji, na hawakukimbia hata hatua moja. Mpaka ndio uliokimbia.

Sasa tunafika kwenye mkimbizi. Machafuko ya Rwanda yalianza Novemba 1959, na watu wengi, hasa Watutsi, wakaanza kuvuka. Waliokuja upande huu wengine waliwekwa Nkwenda, ambapo leo ukipita na hiace unaona mji wa kawaida kabisa, maduka, mashine za kukoboa kahawa, vijana wa bodaboda. Mwaka 1980 serikali ya Tanzania iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda wa kipindi kile. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa medali ya Nansen, ambayo ni heshima kubwa duniani katika mambo ya wakimbizi. Hilo lazima tulisome pia, tusisome mabaya tu.

Katikati hapo, na sisi tulikimbia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia, na Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Kagera ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka, wilaya jirani ya Missenyi ya leo, likalipuliwa. Watu wa ng'ambo ile waliacha nyumba, mifugo na chungu jikoni, wakavuka mto kuja kusini kwa njia yoyote iliyopatikana. Watanzania, ndani ya Tanzania, wanakimbia kwa miguu, godoro kichwani. Jeshi letu likavuka kurudi, vita ikaenda mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Waliokimbia mwaka ule hakuna mtoto wao leo anayeitwa mkimbizi uwanjani. Nilijiuliza kwa nini, na jibu pekee nililopata ni kwamba walikimbia bila kuvuka mpaka wa nchi. Hatua zilikuwa zile zile, na mto ulikuwa ule ule.

Halafu 1994. Hapa sitaandika kwa utani. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalianza Aprili, na ndani ya siku moja hivi, Aprili 28 kuamkia 29, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Karagwe nayo ikajaa, kambi zikawekwa Kagenyi, Rubwera, Kyabalisa na kwingineko. Rubwera, wadau, ndiko makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa yalipo leo.

Na mto ukabeba maiti. Nilimuuliza yule mzee mchunga ng'ombe, tumekaa pale kivukoni, ng'ombe wanakunywa. Alikaa kimya muda mrefu, nikajuta kuuliza. Kisha akasema, "Tuliacha kunywa maji haya. Tuliacha samaki. Ng'ombe tuliwapeleka visimani, na wao walikuwa hawataki kusogea." Maiti zilisafiri na mto mpaka Ziwa Victoria, na kule Uganda, maeneo kama Kasensero, wanavijiji waliziopoa na kuzizika kwa maelfu. Njia yangu ya mazoezi inapita ukingo ule ule. Siku ile sikukimbia kurudi. Nilitembea na mzee mpaka juu.

Desemba 1996 serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31, na barabara zikajaa tena, safari hii kuelekea ng'ambo. Mamia ya maelfu, ndani ya wiki chache. Mwaka 2013, Julai, likatoka agizo la wahamiaji haramu kuondoka ndani ya wiki mbili, na Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Walikuwepo majambazi na watu wasio na vibali, ndiyo. Lakini waliondoka pia watu walioishi hapa miongo mizima, wengine wamezaliwa hapa, wengine mume ni Mtanzania mke ameambiwa avuke. Kijana wangu wakati ule hakuwa na kumbukumbu, lakini nyumbani kwao stori ya zile wiki inasimuliwa kwa sauti ya chini. Shangazi yake alivuka. Hajarudi.

Mnaona sasa lile neno uwanjani linabeba nini. Anayelipiga kelele anadhani ni utani. Anayelisikia anakumbushwa kwamba kuna siku mtu anaweza kuja kuuliza karatasi.

Nilichofanya, na sijui kama nilifanya vizuri: wiki iliyofuata nilikuwa na kipindi cha falme za Maziwa Makuu. Nikaacha kitabu, nikachora Kagera ubaoni, mto peke yake, bila mpaka. Nikaanza na Ruhinda, ambaye masimulizi yanamtaja kama mwanzilishi wa ukoo wa watawala wa Karagwe. Nikauliza, Ruhinda alitoka wapi? Wakajibu wote, kaskazini, mwalimu! Alivuka mto? Kimya kidogo. Alivuka. Nikawaendesha hivyo: Maula, wabeba machela, wafanyabiashara wa Kafuro, Gisaka, Kyaka 1978. Kila mmoja nikawauliza, huyu alikimbia, alikimbilia, au alikimbizwa? Wakagundua wenyewe kwamba Kiswahili kina vitenzi vitatu kwa mzizi mmoja na kwamba kwenye historia ya mto huu vyote vitatu vimetumika, mara nyingine kwa familia moja. Sikumtaja mtu yeyote wa darasani. Kijana alikuwa dawati la nyuma, anaangalia dirishani.

Kipindi kilipoisha hakuna muujiza uliotokea. Kuna mmoja aliuliza kama swali hilo litakuja kwenye mtihani.

Ila Jumamosi yangu ya mwisho nilishuka mtoni, nikamkuta tayari yuko kwenye njia ya ng'ombe, ndala mkononi. Hakusema kitu. Safari hii hakunisubiri. Alianza kasi ambayo kumbe siku zote alikuwa ananifichia, nikamwona anapotea kwenye kona ya mafunjo, nyayo zake tu ndizo zimebaki kwenye tope. Nilipofika kivukoni alishageuza, tukapishana, anacheka. Nilimuuliza kwa mkono, vipi timu? Akainua mabega. Timu ya mwaka huu ilishaondoka bila yeye, hilo halirudi. Mwaka ujao atakuwa kidato cha tatu.

Nimemwomba mwalimu mmoja niliyemwacha kule, mtu mzuri, awe anashuka naye mtoni mara moja moja. Amesema magoti hayamruhusu lakini atamsindikiza kwa baiskeli. Na mimi nimeahidi raba. Mguu wake ni namba 42, nilipima kwa nyayo iliyobaki kwenye tope, nikaweka mgomba mkavu pembeni nikakata kwa urefu, nimekuja nao mpaka chuo, upo chini ya kitanda. Bumu likitoka nashuka Karume kutafuta mtumba mzuri. Mwenye jozi isiyotumika, usiione haya, nigongee mlango.

Umeme umerudi. Naenda kusoma, UE iko mlangoni. Tukijaliwa, wiki ijayo.